Robert Koch, mtoto wa mji wa mine aliyepiga foto ya vidudu

Wengi wetu tulisha kuona karatasi ya labo yenye herufi mbili: BK. Munganga anaandika BK, unapewa kopo kidogo, unakohoa ndani, alafu unangojea jibu na roho iko juu. Ile K ni jina la mutu. Ni Robert Koch, munganga Mjerumani aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Leo tunaacha kidogo mambo ya mishahara na mikataba, tusimulie maisha yake, sababu yanatugusa kuliko tunavyofikiri.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 ku Clausthal, katika milima ya Harz. Clausthal ni mji wa mine kama wetu, watu walichimba feza na risasi kwa miaka mingi. Baba yake alikuwa mukubwa katika uongozi wa mine. Nyumbani walizaliwa watoto 13, Robert alikuwa wa tatu. Wanasimulia kwamba alipokuwa na miaka kama 5 alijifundisha kusoma peke yake na magazeti ya nyumbani. Mwenye kusoma gazeti hili mbele ya watoto wake, asilitupe haraka.

Mutoto yule alipenda kuokota vitu: mawe, wadudu, majani. Alivitazama kwa kioo cha kukuza. Mujomba wake alikuwa fundi wa foto, wakati foto ilikuwa ingali jambo jipya, na alimufundisha ile kazi. Basi vitu viwili vilikaa ndani yake tangu utoto: kutazama karibu sana, na kushika kwa foto kile alichokiona.

Alisoma unganga ku Göttingen, akamaliza 1866. Mwaka uliofuata akaoa Emmy, wakapata binti mumoja. Kwa miaka mingi alikuwa munganga wa vijiji, hakuna mutu aliyemujua. Katika 1872 alipata kazi ya serikali mu muji mudogo wa Wöllstein, leo uko Poland. Hakukuwa na chuo kikuu wala labo. Bibi yake alimupa mikroskopi, ile mashini ya kukuza vitu ambavyo macho hayaoni. Chumba alichopokelea wagonjwa alikikata mara mbili: upande mumoja wagonjwa, upande mwengine mikroskopi yake. Mapema asubuhi na usiku, kisha kazi, njo alikuwa anajifungia pale.

Katika eneo lile ngombe na kondoo walikuwa wanakufa ghafula, damu yao inakuwa nyeusi. Ugonjwa ule ni kimeta, na unaweza kuua mutu pia. Koch aliona mu damu vijiti vidogo sana. Wengine walikuwa wamesha kuviona mbele yake, lakini hakuna aliyehakikisha kama njo vinaleta ugonjwa. Yeye alivifuata siku kwa siku, akaona namna vinavyokua na namna vinavyojificha kama mbegu inayoweza kulala muda murefu udongoni. Katika 1876 alibeba vyombo vyake, akapanda treni mpaka Breslau, akaonyesha wakubwa wa sayansi kazi yote mbele ya macho yao. Munganga wa kijiji aliingia pale bila jina, akatoka na jina.

Lakini matata moja ilibaki. Wakati ule, mwenye kuona kitu mu mikroskopi alikichora kwa mukono. Na mukono unachora kile kichwa kinataka. Mumoja anachora kijiti, mwengine anachora duara, wanabishana miaka. Koch alisema mu roho yake kwamba mabishano yatakwisha paka kama kila mutu anaona kitu kimoja. Njo akaanza kupiga foto ya vidudu.

Tutulie hapa, maana kuanza kulikuwa kugumu. Tatizo la kwanza: vidudu vinaogelea, na foto ya zamani haikuwa ya haraka. Alipaka tone kwenye kioo, tabaka jembamba sana, akaliacha likauke. Vidudu vikashikamana pale, havitembei tena. Tatizo la pili: vidudu havina rangi, ni kama maji ndani ya maji. Alivitia rangi za kupakia nguo. Lakini sahani za foto za wakati ule ziliona bluu karibu kama nyeupe, hivi kidudu cha bluu kilipotea kwenye foto. Akachukua rangi ya kahawia, na vidudu vikatokea vyeusi, wazi. Tatizo la tatu ni mwangaza. Unapokuza kitu mara mia nyingi, giza linaingia. Alitumia jua lenyewe, akalielekeza kwa kioo mpaka ndani ya mikroskopi. Sahani ya foto ilikuwa kioo chenye dawa mbichi, na ilipaswa kutumika mbele haijakauka. Wingu likipita, kazi ni ya bule. Wanasimulia kwamba bibi yake njo alikuwa anachunga mawingu, anamujulisha wakati jua linafunguka. Mafoto yale yana kazi ya watu wawili, lakini vitabu vinataja jina moja. Wamama wa Likasi wanaelewa vizuri jambo hili.

Katika 1877 alitoa mafoto yake katika gazeti la sayansi. Yalikuwa mafoto ya kwanza ya vidudu vya aina ile kuchapwa. Sasa aliyepinga alipaswa kupinga foto, si munganga wa kijiji.

Sisi wa sendika tulipojifunza habari hii tulicheka, maana tulisha pitia njia ile ile. Miaka kadhaa iliyopita tuliandika barua kuhusu kamba ya chuma iliyoanza kukatika nyuzi. Jibu lilikuwa kwamba tunaongeza chumvi. Tukaandika tena, jibu ni lile lile. Siku moja kijana wetu akapiga foto na telefone yake, karibu kabisa, nyuzi zilizokatika zinahesabika moja moja. Kando yake aliweka kipande cha feza kuonyesha ukubwa. Foto ile ilipowekwa mezani, hakuna aliyesema tena habari ya chumvi. Kamba ilibadilishwa.

Basi kwa vijana wenye telefone, matatizo ya Koch bado ni yenu. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe mwenyewe. Ukikaribia kupita kiasi foto inakuwa ukungu. Rudi nyuma kidogo mpaka iwe wazi. Pangusa kioo cha telefone, maana vumbi la mine linakaa pale siku zote. Egemeza kiwiko kwenye ukuta au goti, zuia pumzi. Mwangaza utoke upande, hivi ufa unatoa kivuli chake na unaonekana. Weka kitu cha kupimia. Na kila mara piga foto mbili: moja ya karibu, moja ya mbali. Ile ya karibu inaonyesha ufa. Ile ya mbali inaonyesha ufa uko ku nguzo gani. Foto ya karibu peke yake, mutu anaweza kuikana.

Turudi kwa Koch. Katika 1880 aliitwa Berlin, akapewa labo na wasaidizi. Pale akashika ugonjwa uliotisha kuliko yote. Kwa hesabu yake, katika watu 7 waliokufa, mumoja aliuawa na kifua kikuu. Watu wengi waliamini ni ugonjwa wa ukoo au wa umaskini tu. Kidudu chake ni kigumu kuona, kinakataa rangi. Koch alipata rangi ya bluu inayokiingia, akakiacha ndani yake siku nzima. Akakikuza katika chakula cha damu, akingojea majuma, akakiingiza kwa simbilisi, wakaugua ugonjwa ule ule. Tarehe 24 Machi 1882, mbele ya wanganga wa Berlin, alieleza yote na kupanga mikroskopi mezani ili kila mutu ajionee. Tarehe ile njo dunia inakumbuka kila mwaka kama siku ya kifua kikuu. Katika 1905 alipewa tuzo ya Nobel.

Hatupendi kumuonyesha kama mutakatifu. Katika 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini. Wagonjwa walikimbilia Berlin kwa maelfu. Dawa haikuponya, na wengine walikufa. Mbele ya hapo hakutaka hata kusema imetengenezwa na nini. Yule aliyetaka kila kitu kionekane, siku ile alificha.

Alafu kuna Afrika. Katika 1896 alifika Kimberley, mji wa almasi, kwa ajili ya tauni ya ngombe. Kisha alikuwa Dar es Salaam, akachunguza malaria. Katika 1906 akaja ku visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Malale ilikuwa imemaliza watu: katika eneo lile la ziwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka michache. Huku Congo pia wazee wetu waliijua malale, na kambi zake.

Wagonjwa walikuja kwake kwa mamia, kwa mitumbwi. Aliwapiga sindano za atoxyl, dawa yenye arseniki. Mwanzoni vidudu vilipotea mu damu, akafurahi. Viliporudi, akaongeza dawa. Zaidi ya wagonjwa 20 wakawa vipofu, na macho yao hayakurudia. Alishauri tena wagonjwa wakusanywe katika kambi, mbali na watu wao, na serikali ya Wajerumani ikajenga kambi zile upande wake wa ziwa. Majina ya wale vipofu hatuyasikii popote. Koch alijua kuhesabu vidudu mu tone la damu ya mutu wa Sese. Yule mutu mwenyewe, na mapenzi yake, vilibaki nje ya kioo. Alipiga foto ya karibu, akasahau ile ya mbali.

Koch alikufa ku Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka ule ule reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, na wazee wetu walianza kuingia mu mashimo ya shaba. Hakuona Likasi. Lakini kila siku jina lake linaandikwa hapa kwetu katika karatasi za labo.

Na hapa njo tunafikia jambo lenyewe. Vumbi la mawe likiingia mu mapafu miaka mingi linayakausha, na mapafu yale njo kidudu cha Koch kinapenda. Mwenye kuchimba bila maji na bila maski yuko katika hatari kuliko mutu wa soko. Tulimuzika ndugu mumoja ambaye miezi mingi aliambiwa kikohozi chake ni malaria, na kila mara alirudishwa kazini. Hakuna aliyemupa kopo. Tungekuwa tunajua tunachojua leo, tungemupeleka sisi wenyewe.

Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, ukitoka jasho usiku, ukikonda bila sababu, usingoje mukubwa wa kazi akutume. Nenda ku kituo cha afya, omba upimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bule na programu ya serikali. Kwa kawaida ni miezi 6, na hata ukisikia nguvu imerudi usiache katikati. Jibu la labo, chunga nakala yake nyumbani, na utuonyeshe na sisi. Wakati tunadai maji ya kuzima vumbi na maski kwa kila mutu, karatasi zile zitakaa mezani pamoja na mafoto yetu.