Mwami Musinga, aliyefia Moba

Moba sisi watu wa ziwa tunaijua. Kutoka hapa Nundu ni mbali: unapita Baraka, unapita Kalemie, unashuka tena kusini ndipo unafika. Lakini wachache kati yetu wanajua kwamba mwami mkubwa wa nchi jirani alifia kule mwaka 1944, bila ngoma yake na bila cheo. Huyo ni Yuhi wa tano Musinga, mwami wa Rwanda.

Alizaliwa karibu na mwaka 1883. Baba yake, Rwabugiri, ndiye aliyewasumbua ndugu zetu wa Idjwi na Bushi kwa vita, na mwaka 1895 alikufa akiwa katika safari moja ya vita vile. Aliyerithi kiti hakuwa Musinga, alikuwa kaka yake wa mama mwingine, Rutarindwa. Basi Kanjogera, mama ya Musinga, akapatana na kaka yake aitwaye Kabare (si Kabare yetu ya Bushi, ni jina tu), na mwisho wa 1896, pale Rucunshu, wakampiga Rutarindwa mpaka akafa. Musinga, kijana mdogo bado, akawekwa mwami. Hatutaki kumfanya malaika: naye alipata enzi kwa kuporwa kwa mwingine.

Wajerumani walifika mwaka uliofuata, wakamwacha kwenye kiti. Alipatana nao. Alijifunza hata Kiswahili, kusoma na kuandika. Kisha vita ya 1914 ikaja, na mwaka 1916 Wabeleji wakaingia Rwanda kutoka upande wa Kongo.

Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo, juu watu wengi wanasema Musinga aliondolewa mwaka 1931. Sisi tunaona alianza kuondolewa mwaka 1917. Mwaka ule Wabeleji walimtoa haki ya kuamua nani afe na nani aishi, wakamfanya akubali pia kwamba kila mtu afuate dini anayotaka. Mwaka 1922 akakatazwa kukata kesi peke yake: ilibidi mjumbe wa serikali akae kando yake. Mwaka 1923 akakatazwa kuweka machefu na kuwaondoa bila ruhusa ya Wabeleji. Mwami asiyeweza kuweka chefu, anatawala nini?

Pigo la 1925 ndilo lililoingia ndani zaidi. Kila mwaka kulikuwa na umuganura, sikukuu ya mavuno mapya, ambamo mwami alionja mtama wa kwanza kwa niaba ya nchi nzima. Wabeleji wakaipiga marufuku. Na Gashamura, mkubwa wa wazee waliotunza siri za enzi, wakamhamisha Burundi. Kwa macho ya mzungu ilikuwa ushirikina tu. Kwa Mnyarwanda wa siku zile, ndiyo kazi yenyewe ya mwami, kodi na kesi vilikuja nyuma. Babu zetu huku Fizi wangeelewa haraka: wao walimwona chefu akivalishwa medali ya Wabeleji, na anayevalisha medali anaweza pia kuivua.

Musinga alikataa ubatizo. Askofu Léon Classe, mkubwa wa misioni, akachoka naye, akasukuma serikali impatie nafasi mtu mwingine. Tarehe 12 Novemba 1931, gavana Charles Voisin akamtangazia pale Nyanza kwamba si mwami tena. Siku nne baadaye mtoto wake Rudahigwa akawekwa. Jina la enzi, Mutara, ambalo kwa desturi lilitoka kwa wazee wenye siri, safari hii lilitoka kwa gavana na askofu. Kalinga, ngoma ya ufalme, ikabaki Nyanza na mtoto. Baba akapelekwa Kamembe, ng'ambo ya Bukavu.

Mambo ya kunyang'anya vyeo si ya huku Afrika tu. Huko Scotland, mwaka 1715, John Erskine, bwana wa Mar, alimwasi mfalme kwa silaha. Mwaka 1716 alipoteza cheo chake, na ukoo ukangoja mpaka 1824, bunge la London likarudisha. Musinga hakushika silaha. Na kwake hakuna aliyengoja: cheo kilibaki nyumbani, mikononi mwa mtoto wake wa kuzaa, naye akiwa hai anaona. Kipi kinauma zaidi, kila mzazi ajipime mwenyewe.

Kanjogera alimfuata Kamembe, akafa mwaka 1933. Mwaka 1940 Wajerumani waliingia Ubeleji, na mwaka uleule Musinga, aliyewahi kuwa rafiki yao, akaondolewa karibu na mpaka akapelekwa Moba, kwenye ziwa letu. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943. Mwaka uliofuata baba akafa.

Kati ya watoto waliofika naye Moba alikuwemo mmoja wa miaka kama minne, Ndahindurwa, aliyezaliwa Kamembe mwaka 1936, wakati baba hana kitu tena. Baba alipokufa, akarudishwa Rwanda. Alisoma Astrida, akasoma pia hapa kwetu Kivu, koleji ya Nyangezi. Julai 1959 Rudahigwa alikufa ghafula Bujumbura bila mtoto, na siku ya maziko, pale Mwima, Ndahindurwa akatangazwa mwami, Kigeli wa tano. Mwaka 1961, yeye akiwa nje ya nchi, ufalme ukafutwa. Aliishi uhamishoni miaka zaidi ya hamsini, akafia Marekani mwaka 2016. Januari 2017 wakamzika Mwima, palepale alipotangazwa.