Fritz Kreisler na fidla aliyoiachia Washington

Barabara inayoanzia mji mdogo wa Bladensburg, katika jimbo la Maryland, huelekea kusini-magharibi hadi ndani ya Washington, na baada ya kilomita chache tu msafiri huwa karibu na kilima cha Bunge la Marekani. Tarehe 24 Agosti mwaka 1814 majeshi ya Uingereza yaliwashinda Wamarekani hapo Bladensburg, na usiku ule ule yakaingia mji mkuu na kulichoma moto jengo la Bunge pamoja na maktaba iliyokuwamo.

Maktaba hiyo ilianzishwa upya kwa vitabu vya rais wa zamani Thomas Jefferson, ambaye naye alikuwa mpiga fidla. Leo Maktaba ya Bunge haihifadhi vitabu pekee. Miongoni mwa hazina zake imo fidla iliyotengenezwa Cremona, kaskazini mwa Italia, mnamo mwaka 1730 hivi. Aliyeitoa ni Fritz Kreisler, mmoja wa wapiga fidla waliopendwa mno katika karne ya ishirini.

Kreisler alizaliwa mjini Vienna tarehe 2 Februari mwaka 1875. Baba yake alikuwa daktari mwenye asili ya Kiyahudi na mpenzi wa muziki. Mtoto huyo alipokelewa katika chuo cha muziki cha Vienna akiwa na miaka saba, kisha akapelekwa Paris, ambako alipata tuzo ya kwanza akiwa na miaka 12. Baada ya hapo hakusoma tena fidla kwa mwalimu yeyote.

Ziara yake ya kwanza ya Marekani, mwaka 1888, haikumpa umaarufu wa kudumu. Alirudi nyumbani, akasomea udaktari kwa muda, akalitumikia jeshi, na kwa miaka kadhaa fidla ikabaki kando. Ni mwaka 1899, alipopiga pamoja na okestra ya Berlin Philharmonic, ndipo mlango ulipofunguka. Mwaka 1910 mtunzi wa Uingereza Edward Elgar alimtunukia tamasha lake la fidla, na Kreisler ndiye aliyelipiga mara ya kwanza mjini London.

Wasikilizaji wa taarab wa Unguja na Mombasa wanajua jinsi fidla inavyoweza kulia kama mtu. Sauti ya Kreisler ilikuwa ya namna hiyo. Wapigaji wa kabla yake walikitikisa kidole juu ya uzi kwa nadra, kuipamba noti ndefu. Yeye alikitikisa karibu wakati wote, hata katika noti za haraka, na upinde wake aliutumia zaidi sehemu ya katikati, nywele zikiwa zimekazwa sana. Mazoezi mengi hakuyapenda, jambo ambalo walimu wa muziki hawapendi kuwaambia wanafunzi wao.

Katika maisha yake alimiliki vyombo kadhaa vya mafundi wa Cremona, vikiwamo vya Antonio Stradivari na Carlo Bergonzi, lakini jina lake linahusishwa zaidi na Giuseppe Guarneri. Fundi huyo aliitwa del Gesù kwa sababu ya herufi za jina la Yesu alizoziweka kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya fidla zake. Stradivari alifariki akiwa na zaidi ya miaka 90 na kuacha mamia ya vyombo. Guarneri alifariki mwaka 1744 akiwa na miaka 46.

Wapigaji wengi hueleza tofauti hivi. Fidla ya Stradivari haitaki kulazimishwa: ukiukandamiza upinde kupita kiasi, sauti hujifunga, hivyo mpigaji hujifunza kuibembeleza. Ya Guarneri huupokea uzito wa mkono, na sauti yake huwa nzito, yenye giza kidogo katika nyuzi za chini. Hayo ni maelezo ya jumla, kwani hakuna fidla mbili zinazofanana kabisa. Tena karibu zote zimebadilishwa. Katika karne ya kumi na tisa shingo zao zilirefushwa na kuinamishwa ili nyuzi zikazwe zaidi na sauti ijaze kumbi kubwa. Anayesikia fidla ya Cremona leo hasikii hasa kile alichokisikia fundi wake.

Mwaka 1914 Kreisler alijeruhiwa akilipigania jeshi la Austria dhidi ya Warusi. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, umma uliokuwa ukimshangilia ulimgeukia, na matamasha yake yakafutwa. Alirejea jukwaani mwaka 1919.

Kisha, mwaka 1935, ikazuka kashfa. Kwa miaka mingi Kreisler alikuwa akipiga vipande vidogo alivyodai ni vya watunzi wa kale, kama Gaetano Pugnani na Louis Couperin. Mkosoaji wa gazeti la New York Times, Olin Downes, alipomwuliza asili ya kimoja, Kreisler alikiri kwamba amevitunga mwenyewe. Ernest Newman, mkosoaji mashuhuri wa London, alighadhibika. Kreisler alijitetea kwamba jina limebadilika lakini muziki ni ule ule.

Utetezi huo haukumsafisha kabisa, kwani udanganyifu ni udanganyifu. Lakini uligusa swali ambalo bado linaziandama fidla za Italia: je, sikio husikia mbao au husikia jina? Mwaka 2010 watafiti waliwapa wapigaji 21 mjini Indianapolis fidla sita, tatu za kale na tatu mpya, wakiwa wamevaa miwani ya giza. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Katika jaribio la mwaka 2012 karibu na Paris, sita kati ya wapigaji kumi mashuhuri walichagua fidla mpya.

Wapo wanaopinga kwamba dakika chache hazitoshi, kwa kuwa fidla ya kale huzoewa kwa miezi, kama mwenzi wa safari. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mtu kama Kreisler aliyeishi na vyombo hivyo kwa miongo.

Aliihama Ulaya ya Hitler na kuwa raia wa Marekani mwaka 1943. Miaka miwili kabla ya hapo gari lilimgonga mjini New York na kumvunja fuvu. Alipona na kupiga tena, ingawa macho na masikio yalizidi kudhoofika. Tamasha lake la mwisho katika ukumbi wa Carnegie lilikuwa la mwaka 1947.

Mwaka 1952 aliikabidhi fidla yake ya Guarneri kwa Maktaba ya Bunge. Kabla yake, mwaka 1935, tajiri Gertrude Clarke Whittall alikuwa ameipa maktaba hiyo vyombo vitano vya Stradivari kwa nia kwamba vipigwe, visikae tu kabatini. Fidla ya Kreisler nayo imepigwa na wanamuziki wageni katika ukumbi wa Coolidge, ndani ya maktaba hiyo.

Kreisler alifariki mjini New York tarehe 29 Januari mwaka 1962, siku nne kabla ya kutimiza miaka 87.