Bi. Oseola McCarty, Mfua Nguo wa Hattiesburg



Katika kijitabu hiki cha miaka 10 mtasoma mahesabu, majina ya viongozi waliotangulia na picha za miradi. Mimi nimepewa nafasi ndogo tu, nami nimeona nieleze habari za mama mmoja ambaye hakufika kwetu wala hakuwa kiongozi wa chochote. Nimemchagua kwa sababu karibu kila mkutano linarudi swali lile lile: hivi sisi wa kufua, kukaanga maandazi na kuuza mboga, Mungu tunamtumikia saa ngapi? Jumapili peke yake?

Oseola McCarty alizaliwa tarehe 7 Machi 1908 katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, akalelewa katika mji wa Hattiesburg. Nyumba yao ilikuwa ya wanawake watupu, weusi, waliojipatia riziki kwa kufulia watu nguo. Alipokuwa darasa la sita, ndugu wa mama yake aliugua, akatoka hospitali hawezi kutembea, na hakuwa na mtoto wa kumtunza. Oseola akaacha shule amwuguze. Alidhani atarudi. Lakini mgonjwa alipopata nafuu, wenzake darasani walikuwa wamekwishamwacha mbali, naye akaona haya kukaa na wadogo. Shule ikaishia hapo.

Basi akashika ubao wa kufulia, na hakuuacha kwa miaka kama 75.

Wenye kazi hiyo wataelewa. Asubuhi na mapema anawasha moto chini ya sufuria kubwa uani. Nguo zinachemshwa, zinasuguliwa, zinakamuliwa, zinasuguliwa tena, zinatiwa wanga, zinaanikwa. Halafu pasi, mpaka usiku. Miaka ya 1960 alijaribu mashine ya kufulia, akaona eti haitakatishi, akarudia sufuria yake na ubao wake. Hapo ndipo mimi nilipompenda. Hakuna aliyemsimamia, wala mwenye shati asingejua tofauti. Yeye angejua. Kwake kazi ile ilikuwa ya kufanywa vizuri hata pasipo mtu wa kuitazama.

Malipo zamani yalikuwa dola moja na nusu au mbili kwa furushi zima, baadaye yakafika dola 10. Tangu utoto alizificha senti zake ndani ya kigari cha mwanasesere. Alipokua akazipeleka benki, kidogo kidogo. Siri yake, kama ni siri, ilikuwa kwamba akishaweka hatoi. Sisi tunajua ni maneno mepesi kusema!

Najua kuna atakayeuliza: je, huo si uchoyo? Hakuolewa, hakuzaa, hakuwa na gari, alitembea kwa miguu hadi dukani akisukuma kitoroli chake. Watu wa benki walipomsihi anunue kiyoyozi, alikiwasha wageni wakija tu. Hata mimi nilijiuliza. Lakini kanisani kwao, kwa Wabaptisti, hakuwa mgeni, na Biblia yake ilikuwa imechakaa mpaka kurasa zimeshikizwa kwa selotepu. Mchoyo hasomi hivyo bila kuchomwa. Na tazama alivyomalizia.

Mwishoni mwa mwaka 1994 baridi yabisi ilimvimbisha mikono, akaacha kufua, umri miaka 86. Benki wakamwuliza fedha zake ziende wapi akifa, maana zilikuwa zimefika kiasi cha dola 280,000. Ofisa mmoja akampangia mezani sarafu 10 za senti kumi, kila moja ikiwa sehemu ya kumi ya akiba yote. Bi. Oseola akatenga moja kwa ajili ya kanisa. Fungu la kumi, kama tunavyofundishwa. Tatu akawapa jamaa zake. Sita zilizobaki akazielekeza Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, hapo hapo mjini kwao, zisomeshe vijana wasio na uwezo, hasa weusi. Mwaka 1995 chuo kikatangaza zawadi ya dola 150,000.

Hapa lazima nisimame kidogo. Chuo hicho kilikuwa cha wazungu tu. Miaka ya 1950 kijana mweusi aliyeitwa Clyde Kennard, mfugaji wa kuku, aliomba kuingia zaidi ya mara moja akakataliwa, kisha akasingiziwa kuhusika na wizi wa chakula cha kuku, akahukumiwa kifungo cha miaka saba. Alifariki kwa saratani mwaka 1963. Mahakama ilikuja kumsafisha jina mwaka 2006. Wanafunzi weusi wa kwanza waliingia mwaka 1965, Bi. Oseola akiwa na miaka 57, yupo uani anafua. Alijua kwamba zamani weusi hawakupokelewa pale. Wengine tungesema, fedha zangu haziendi pale ng'o. Yeye alitazama watoto wanaoweza kuingia sasa, siyo mlango uliofungwa jana. Sijui kama mimi ningeweza, nasema kweli.

Habari ilipoenea, mamia ya watu waliongeza michango kwenye mfuko ule. Rais Clinton alimpa nishani mwaka huo huo wa 1995, na mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Harvard kikampa shahada ya heshima, yeye wa darasa la sita. Mwanafunzi wa kwanza aliyesomeshwa na mfuko huo, binti wa hapo Hattiesburg, alimfanya bibi yake, na familia yake ikamkaribisha nyumbani kama ndugu. Hivyo asiye na mtoto akapata wajukuu.

Alifariki tarehe 26 Septemba 1999 kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 91. Mwaka 2020 chuo kiliweka sanamu yake ya shaba katika viwanja vyake.