Rubani wa Delta ya Rufiji

Sisi wa Ngorongo na Kibiti tunaijua Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha deltani tangu 1914. John Cull, rubani Mwingereza aliyeichungulia kutoka angani mwaka 1915, wengi hatumjui.

Shida yake ya kwanza haikuwa mizinga, ilikuwa hewa. Bawa huinua ndege kwa kusukuma hewa chini, na hewa ya joto ni nyepesi, hivyo bawa lilelile linabeba kidogo. Ndege zake za Sopwith, zilizoundwa kwenye baridi ya Uingereza, zikagoma kupaa na mzigo. Zikaletwa nyingine, mwishowe za magurudumu, zikaruka kutoka Mafia.

Tarehe 11 Julai injini yake ikapigwa. Ndege haikudondoka kama jiwe: ilishuka taratibu, hewa bado ikipita mabawani, huku mwenzake Arnold akiendelea kuwatumia wapiga mizinga wa Severn maelekezo kwa redio. Ikaangukia mtoni, ikapinduka. Cull nusura azame. Siku hiyohiyo Wajerumani wakaizamisha wenyewe manowari yao, maana ilishaharibika vibaya.

Walimu wenzangu watarajiwa, mada ya mabawa tunaweza kabisa kuianzia Rufiji.