Gandhi: Wakili aliyewapatanisha wafanyabiashara wawili ndugu

Kabla ya kujulikana dunia nzima kwa jina la Mahatma, Mohandas Karamchand Gandhi alikuwa wakili kijana aliyekuja Afrika kwa ajili ya kesi ya deni. Kesi hiyo ndiyo iliyomfundisha usuluhishi, kazi ambayo wafanyabiashara wa Itaba, Gitega na Muyinga nchini Burundi wanaifahamu kupitia bashingantahe, wazee wa busara wanaopatanisha watu vilimani kwao.

Gandhi alizaliwa Oktoba 2, 1869 katika mji wa bandari wa Porbandar, magharibi mwa India. Alisomea sheria London na kupata uwakili mwaka 1891. Aliporejea nyumbani mambo hayakumnyookea. Katika kesi yake ya kwanza mjini Bombay alisimama mbele ya hakimu, woga ukamshika na maneno yakamkauka. Ikabidi kesi apewe wakili mwingine.

Mwaka 1893 alipata mkataba wa mwaka mmoja na kampuni ya Dada Abdulla, iliyokuwa ikifanya biashara Natal, Afrika Kusini. Malipo yalikuwa pauni 105, mbali na nauli na matumizi. Safari yake ilipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar, ambako alikaa siku kadhaa akisubiri meli nyingine. Mwezi Juni, akiwa njiani kwenda Pretoria kushughulikia kesi hiyo, alishushwa kwa nguvu kwenye treni mjini Pietermaritzburg kwa sababu ya rangi yake, ingawa alikuwa na tiketi ya daraja la kwanza.

Dada Abdulla alikuwa akimdai mfanyabiashara mwenzake wa Pretoria, Tyeb Haji Khan Mohammed, pauni 40,000. Wawili hao walikuwa ndugu na asili yao ni mji mmoja.

Gandhi alianza na vitabu vya hesabu. Hakuwa anajua uhasibu, hivyo alinunua kitabu akajifunza. Aligundua kuwa mteja wake ana haki. Hata hivyo, aliona pia kwamba kesi ikiendelea, gharama za mawakili zingewamaliza wote wawili, huku biashara ikilala na undugu ukivunjika. Alimwendea Tyeb mwenyewe na kumwomba wakubaliane nje ya mahakama. Hatimaye pande zote zilikubali kesi isikilizwe na msuluhishi, na Dada Abdulla akashinda.

Lakini ushindi huo ulileta tatizo jingine. Tyeb alitakiwa kulipa takriban pauni 37,000 pamoja na gharama za kesi, na hakuwa na uwezo wa kuzitoa kwa mkupuo. Angebanwa, angefilisika, na kwa wafanyabiashara wa jamii yake kufilisika kulikuwa aibu kubwa kuliko kifo. Gandhi alirudi kwa mteja wake, safari hii akimwombea mdaiwa. Kazi haikuwa rahisi, lakini Dada Abdulla alikubali kulipwa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mdai alihakikishiwa fedha zake, mdaiwa akabaki na duka lake na heshima yake.

Kuanzia hapo Gandhi aliamini kuwa kazi ya wakili ni kuunganisha waliotengana. Katika miaka yake takriban 20 ya uwakili alimaliza mamia ya kesi kwa mapatano, bila kupoteza kipato chake. Aliondoka Afrika Kusini mwaka 1914, akaongoza harakati za uhuru wa India, na akauawa kwa risasi mjini Delhi Januari 30, 1948. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa mwaka huo huo katika mto Nile, Jinja, Uganda, mji ambao madereva wa malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala wanaujua vizuri.

Wafanyabiashara wanaokopeshana mzigo kwa kuaminiana wana la kujifunza hapa: kabla ya kukimbilia mahakamani, hesabu ziwekwe wazi, atafutwe mtu anayeaminiwa na pande zote, na mdaiwa apewe nafasi ya kulipa akiwa bado anafanya biashara.