El Lissitzky: Mchoraji aliyegeuza chumba kuwa mchoro

El Lissitzky alizaliwa Urusi mwaka 1890 katika familia ya Kiyahudi, akasomea usanifu majengo mjini Darmstadt, Ujerumani. Kuanzia 1919 alichora miraba, duara na mistari, michoro aliyoiita Proun. Baadaye turubai haikumtosha. Mwaka 1923 mjini Berlin alikigeuza chumba kizima kuwa mchoro, maumbo yakivuka kona za kuta. Miaka michache baadaye, katika jumba la makumbusho la Hannover, alifunika kuta kwa vibao vyembamba: mtazamaji akitembea, weupe uligeuka kuwa weusi. Wanazi, walioiona sanaa hiyo kuwa potovu, walikibomoa chumba hicho. Lissitzky alifariki Moscow mwaka 1941 kwa kifua kikuu. Chumba kilijengwa upya Hannover mwaka 1968.