Ayuba bin Suleiman wa Bundu

Katika watu ambao khabari zao ni za ajabu na zenye mazingatio, mmoja wao ni Ayuba bin Suleiman, ambaye vitabuni huitwa Ayuba Suleiman Diallo. Alizaliwa karibu na mwaka 1701 katika nchi ya Bundu, ambayo leo imo katika Senegal, naye alikuwa Mfulani. Babu yake, Ibrahimu, ndiye aliyeuasisi mji wao kwa ruhusa ya mfalme wa Futa, akaweka sharti tukufu kwamba mtu atakayekimbilia pale kutaka hifadhi asifanywe mtumwa. Hifadhi hiyo ikadumu baada yake kwa kila ajuaye kusoma na kumjua Mungu. Msomaji na aliweke sharti hilo moyoni, kwani atalihitaji mwisho wa khabari hii.

Baba yake Ayuba alikuwa imamu. Akamlea mwanawe chuoni, na kijana alipofikilia umri wa miaka 15 alikuwa amekwisha kuihifadhi Qurani, akawa anamsaidia baba yake katika kazi ya uimamu. Baadaye akaoa wake wawili, akajaaliwa watoto wanne.

Mwanzoni mwa miaka ya 1730 baba yake alipata khabari kuwa meli ya Kiingereza imetia nanga katika mto Gambia. Akamtuma Ayuba awapeleke watumwa wawili akawauze, na kwa thamani yao anunue karatasi na vitu vinginevyo. Akamuusia asiuvuke mto, kwa kuwa ng'ambo ilikuwa nchi ya Wamandinka, maadui wa watu wa kwao. Ayuba hakupatana bei na nahodha wa meli, aliyeitwa Pike. Basi akachukua mkalimani, jina lake Lamine, akauvuka mto, akawauza wale watu wawili kwa ng'ombe.

Wakati wa kurudi walipumzika katika nyumba ya rafiki. Ayuba alikuwa ametundika silaha zake ukutani, na mara wakaingia kwa mlango wa nyuma Wamandinka saba au wanane, wakawakamata yeye na Lamine. Wakawanyoa nywele na ndevu ili waonekane ni mateka wa vita, na fedheha hiyo ilimuuma Ayuba sana. Kisha wakawapeleka kuwauza kwa nahodha yule yule Pike. Siku chache nyuma alikuwa amesimama mbele ya nahodha huyo akiwa muuzaji. Sasa alisimama pale pale akiwa bidhaa.

Pike alimpa nafasi ya kupeleka khabari nyumbani ili akombolewe. Baba yake alipopata khabari akatuma watumwa kadha wawe badala ya mwanawe, lakini walipofika, meli ilikuwa imekwisha kung'oa nanga.

Ayuba akavushwa bahari mpaka Annapolis katika Maryland, wakati huo koloni la Kiingereza, leo ni sehemu ya Marekani. Akanunuliwa na mwenye shamba wa kisiwa cha Kent, akatiwa katika kazi ya tumbaku. Mwili wake haukuzoea kazi hiyo, akaugua, kwa hiyo akapewa ng'ombe achunge. Kila siku alikuwa akijitenga porini kusali. Kijana mmoja wa Kizungu akawa anamfuata kumdhihaki, na humrushia uchafu usoni naye yumo katika sala. Akaona hawezi kustahamili tena, akatoroka. Mwezi Juni 1731 alikuwa amefungwa gerezani, kwa kuwa hakuweza kueleza ni nani wala atokako.

Watu wakaja kumtazama, na miongoni mwao alikuwamo Thomas Bluett, ambaye baadaye aliandika kitabu cha maisha yake. Wakampa mvinyo, akaukataa. Akaandika mistari miwili mitatu akawasomea, nao wakasikia jina la Allah na la Muhammad, wakatambua kuwa huyu ni Mwislamu na ni mtu aliyesoma. Mzee mmoja mtumwa aliyejua Kiwolofu akafasiri maneno yake. Akarudishwa kwa bwana wake, ambaye tangu hapo alimfanyia upole na kumpa mahali pa kusalia.

Ndipo Ayuba akashika kalamu akamwandikia baba yake barua kwa Kiarabu. Barua hiyo haikufika Bundu kwa wakati ule. Ilifika London, ikaangukia mikononi mwa James Oglethorpe, mtu mwenye cheo, naye akaipeleka Oxford ifasiriwe. Alipoyajua yaliyomo, moyo wake ukaingia huruma, akatoa ahadi ya maandishi ya kulipa paundi 45 ili Ayuba aachiwe. Mwaka 1733 Ayuba akasafiri mpaka Uingereza pamoja na Bluett, na humo baharini akajifunza Kiingereza.

Huko London alipata heshima kubwa. Aliandika misahafu mitatu kutoka kifuani mwake, bila ya kutazama nakala. Alimsaidia Sir Hans Sloane, mwanachuoni mkubwa, katika kufasiri maandishi ya Kiarabu. Akaonana na jamaa wa kifalme, na malkia akamtunza saa ya dhahabu. Alipotakiwa achorwe picha alikataa kwanza, kisha akaridhia, akataka achorwe katika mavazi ya kwao. Mchoraji, William Hoare, akasema hawezi kuchora nguo asizopata kuziona. Ayuba akamuuliza, iwapo ni hivyo, mbona wako wachoraji wanaothubutu kumchora Mungu, ambaye hapana mtu aliyemwona? Hatimaye watu wakachanga fedha, uhuru wake ukatimia.

Tarehe 8 Agosti 1734 akashuka katika ngome ya Kiingereza ya mto Gambia. Njiani kwenda bara akakutana na wale wale waliomkamata. Ghadhabu ikampanda, akataka kuwaua, lakini mwenziwe, Francis Moore, akamzuia. Akauliza khabari za mfalme wao, akaambiwa amekufa: katika vitu alivyopokea kwa bei ya Ayuba ilikuwamo bastola, akawa anaivaa shingoni, siku moja ikalipuka ikamuua. Ayuba akapiga magoti akamshukuru Mungu.

Khabari za nyumbani zilikuwa chungu. Vita vilikuwa vimeiharibu nchi. Baba yake alikuwa amefariki, ila kabla ya kufa alipata barua iliyomjulisha kuwa mwanawe amekuwa huru. Mke wake mmoja, kwa kudhani kuwa yeye hayuko duniani, alikuwa ameolewa, na Ayuba hakumlaumu. Wala hakumsahau Lamine, aliyekuwa mtumwa huko Maryland. Alimwombea kwa marafiki zake wa Uingereza mpaka akarudishwa mwaka 1738.

Lakini limebaki jambo moja. Ayuba alipofika tu Gambia, katika vitu vya mwanzo alivyovinunua kwa mali aliyokuja nayo vilikuwa farasi wawili na mtumwa mwanamke. Mtu aliyenyolewa ndevu, akavushwa bahari na kutupiwa uchafu katika sala yake, alimnunua binadamu mwenziwe. Yaweza kusemwa kuwa ndiyo ada ya zama zake, na ni kweli. Lakini lile sharti la babu yake lilikuwamo nyumbani mwake tangu kuzaliwa. Aliielewa ladha ya dhulma ilipompata yeye na rafiki yake, na haikumpitikia kwamba mwanamke yule, na wale wawili aliowabadilisha kwa ng'ombe, huenda nao walikuwa na baba aliyekuwa akiitazama njia.

Ayuba alifariki mwaka 1773. Elimu yake ilimtoa gerezani, nayo ni fakhari kwa kila apelekaye mwanawe chuoni. Na anayeifurahia fakhari hiyo na ajiulize: aliponusurika katika dhiki, alimtazama nani aliyebaki nyuma yake? Mwenyezi Mungu amrehemu Ayuba, amsamehe alipoteleza, na awarehemu wale watu watatu aliowauza na kuwanunua.